Kupunguza sigara na kuacha sigara: moshi, vepu na hatari ya kiharusi

Mnyoosha Viungo (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kazi yangu ni fiziotherapia, na sehemu kubwa ya watu ninaowahudumia wamepatwa na kiharusi. Ninawafundisha upya mambo ambayo mtoto mdogo huyafanya bila kufikiri: kugeuka kitandani, kushika kijiko, kupitisha kifungo kwenye tundu lake. Miongoni mwao yumo bwana mmoja wa miaka arobaini na sita, ambaye ameniruhusu nisimulie kisa chake bila kumtaja jina. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akimaliza pakiti nzima kwa siku, yaani sigara ishirini. Miaka miwili kabla ya kuugua alinunua sigara ya kielektroniki, hii ambayo vijana wanaiita vepu, na kwa msaada wake akashuka hadi sigara tatu: moja akiamka, moja baada ya chakula cha mchana, moja kabla ya kulala. Familia ilimpongeza, naye akajipongeza. Asubuhi moja, alipokuwa akipiga mswaki, mswaki ukamponyoka katika mkono wa kulia. Akauokota, ukamponyoka tena. Alipoinua macho kwenye kioo aliona povu la dawa ya meno likichuruzika upande mmoja wa mdomo, na upande ule haukumtii alipojaribu kuufumba.

Wiki ya tatu ya mazoezi, maneno yalipoanza kumrudia, swali la kwanza refu aliloniuliza lilikuwa hili: "Nilibakiza tatu tu. Na tatu nazo ni sigara?"

Siku ile nilimjibu kwa kifupi, kwa kuwa mtu anayejifunza kusema upya hahitaji mhadhara. Uzi huu ni jibu refu la swali lake, kwa ajili ya wale ambao bado wanahesabu tatu, nne au tano na kudhani kwamba wamekwisha kuvuka mto.

Tunaposikia neno sigara, wengi wetu tunafikiria mapafu, na hata picha za onyo zilizo kwenye pakiti katika nchi nyingi zimetuzoesha hivyo. Saratani ya mapafu kwa kiasi kikubwa ni suala la mrundikano wa miaka na wingi wa moshi, kwa hiyo fikra ya "nikipunguza nusu, nimepunguza hatari nusu" haiko mbali sana na ukweli pale. Mishipa ya damu haifuati hesabu hiyo. Kosa la yule bwana, kama ni haki kuliita kosa, lilikuwa kutumia hesabu ya mapafu kwenye mishipa.

Kiharusi kina sura mbili kuu. Iliyo ya kawaida zaidi ni pale mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unapoziba. Nyingine ni pale mshipa unapopasuka na damu kuvujia ndani ya ubongo au katika nafasi inayouzunguka. Sigara inachochea zote mbili, jambo ambalo lilinishangaza nilipokuwa mwanafunzi, kwani nilidhani kitu kinachofanya damu igande upesi angalau kingezuia kuvuja. Ufafanuzi umo kwenye ukuta wa mshipa wenyewe. Upande wa ndani wa kila mshipa kuna utando wenye unene wa seli moja tu, na utando huo hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi, ambayo hulegeza mshipa na kuzuia chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zisinate ovyo. Moshi wa sigara hupunguza gesi hiyo. Mshipa unakaza, chembe sahani zinakuwa na gundi zaidi, na protini ya kugandisha damu iitwayo fibrinojeni inaongezeka. Nikotini nayo inauamuru mwili umwage adrenalini, hivyo mapigo ya moyo yanakwenda mbio na shinikizo la damu linapanda kila sigara inapowashwa. Wakati huohuo kaboni monoksidi iliyo ndani ya moshi inang'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inafika kwenye ubongo ikiwa imebeba mzigo pungufu.

Yote hayo yakiendelea kwa miaka, mafuta yanajijenga ndani ya kuta za ateri kubwa za shingoni, utando unachanika, bonge la damu linajitengeneza juu ya mchaniko, na kipande chake kinaweza kusafiri hadi kwenye mshipa mwembamba wa ubongo na kuuziba. Kwingineko, ukuta uliodhoofika unavimba kama mpira wa baiskeli uliochakaa, na shinikizo linapopanda unapasuka. Uchambuzi wa tafiti 32 uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba kwa jumla wavutaji wana hatari ya kiharusi iliyo mara moja na nusu ya wasiovuta, lakini kwa kiharusi cha damu kuvujia kwenye nafasi inayouzunguka ubongo, ambacho huwaua hata watu wa umri wa kufanya kazi, hatari hiyo ilikaribia mara tatu.

Sasa tuje kwenye zile tatu. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti 141 zilizofuatilia watu kwa miaka mingi, na swali lake lilikuwa karibu lilelile la mgonjwa wangu: je, sigara moja kwa siku inabeba hatari kiasi gani ikilinganishwa na ishirini? Kama hatari ingekuwa inakwenda sambamba na idadi, moja ingebeba sehemu moja ya ishirini. Matokeo yalikuwa mbali na hapo. Kwa wanaume, sigara ishirini kwa siku ziliongeza hatari ya kiharusi kwa takriban asilimia 64 juu ya asiyevuta. Sigara moja peke yake iliongeza takriban asilimia 25. Kwa wanawake, moja iliongeza takriban asilimia 31, na ishirini ziliifanya hatari kuwa zaidi ya maradufu. Soma tena takwimu ya wanaume: sigara moja inabeba zaidi ya theluthi moja ya madhara ya ishirini. Kwa hiyo mtu aliyeshuka kutoka ishirini hadi tatu amepungukiwa na hatari, ni kweli, lakini kwa kiasi kidogo sana kuliko anavyodhani anapoitazama pakiti yake ikikaa wiki nzima.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba utando wa mishipa na chembe sahani hushituka kwa dozi ndogo sana ya moshi, na baada ya hapo dozi kubwa huongeza kidogokidogo tu. Ni kama kengele ya mlangoni: ikishalia, kuibonyeza kwa nguvu zaidi hakuifanyi nyumba iamke mara ishirini.

Habari njema inatokana na tabia hiyohiyo ya mishipa. Katika utafiti maarufu wa Framingham, Marekani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1988 yalionyesha kwamba hatari ya kiharusi kwa walioacha kabisa ilishuka kwa kiasi cha kuonekana ndani ya miaka 2, na baada ya miaka 5 ikawa sawa na ya watu wasiovuta. Mapafu hayasamehe upesi namna hiyo. Ninakaribisha maswali na marekebisho.

Kijana wa Betri

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo. Lakini naona umemtaja yule bwana kuwa alitumia vepu, kisha lawama zote umeziweka kwenye sigara tatu. Mimi niliacha sigara miezi minane iliyopita na sasa ninatumia vepu peke yake. Hakuna kinachoungua, hakuna lami, hakuna kaboni monoksidi. Je, bado nimo kwenye hesabu yako ya kiharusi, au nimetoka? Na mbona mtandaoni kuna habari kwamba vepu inaleta kiharusi mapema kuliko sigara?

Mnyoosha Viungo

Kaka, swali lako ni la haki na linastahili jibu lisilo na vitisho wala ushabiki, maana katika suala la vepu vyote viwili vimejaa.

Nianze na hoja iliyo upande wako. Kifaa hiki kilipata umbo lake la kisasa mwaka 2003 kwa mfamasia wa China, Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji, na lengo lilikuwa hilohilo ulilolieleza: kumpa mvutaji nikotini bila kuchoma majani. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, nyingi zikizaliwa na kule kuungua, na kwa kuwa vepu haichomi tumbaku, sehemu kubwa ya kemikali hizo haimo kabisa au imo kwa kiwango cha chini sana. Kaboni monoksidi ni miongoni mwa zinazotoweka. Watafiti wa Scotland waliwachukua wavutaji 114 wa muda mrefu, baadhi yao wakahamia kwenye sigara za kielektroniki, na matokeo yao ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba mishipa ya wale waliohama ilianza kutanuka vizuri zaidi ndani ya mwezi mmoja tu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anavuta sigara na akahama kikamilifu, kama ulivyofanya wewe, amepiga hatua ya kweli, na sitakudanganya kwamba hakuna tofauti.

Upande wa pili ni huu. Kinachotoka kwenye kifaa kile si mvuke wa maji. Niliwahi kufunguliwa kimoja mezani na mteja aliyetaka kunionyesha jinsi kilivyo salama. Ndani yake mlikuwa na waya uliosokotwa, mwembamba kuliko springi ya kalamu, umezungushwa kwenye pamba iliyolowa kimiminika kizito. Pamba ile iliyokuwa nyeupe siku ya kwanza ilikuwa imegeuka rangi ya kutu, na ukingoni ilikuwa imeungua hadi kuwa nyeusi. Kimiminika chenyewe ni propilini glaikoli, gliserini, vionjo na nikotini. Pamba ikikauka na waya ukapata joto kupita kiasi, vimiminika hivyo vinavunjika na kutoa formaldehaidi na akrolini, na waya wenyewe unaweza kuachia chembe za nikeli na kromiamu. Yule mteja aliitazama pamba yake kwa muda, akakifunga kifaa, akabadilisha mazungumzo.

Kisha kuna nikotini, ambayo haibadiliki tabia kwa sababu imebadilishiwa gari. Adrenalini inamwagika vilevile, mapigo yanapanda vilevile, na mishipa inakaza kwa muda vilevile. Vifaa vya siku hizi hutumia chumvi za nikotini, ambazo haziwashi koo, kwa hiyo mtu anaweza kuvuta nikotini nyingi bila mwili kumwonya. Sigara ina mwisho: inafika kwenye kichungi, unaizima, unarudi ndani. Vepu haina mwisho huo. Nina wateja wanaolala nayo chini ya mto, na ukiwauliza wanavuta mara ngapi kwa siku hawajui, si kwa kuficha, bali kwa sababu hakuna kitu cha kuhesabu.

Kuhusu habari uliyoisoma, nadhani ninaifahamu. Mwaka 2021, katika mkutano wa Shirika la Moyo la Marekani, iliwasilishwa taarifa iliyosema kwamba miongoni mwa watu waliokuwa wamepata kiharusi, watumiaji wa vepu walikipata wakiwa na umri wa kati wa miaka 48, na wavutaji wa sigara wakiwa na miaka 59. Vichwa vya habari vikapaa. Lakini jiulize: watumiaji wa vepu kwa jumla ni watu wa umri gani? Ni vijana kuliko wavutaji wa sigara. Ukiwauliza wanafunzi wa chuo walivunjika mguu wakiwa na umri gani, kisha ukawauliza wastaafu swali lilelile, utapata kwamba wanafunzi "huvunjika mapema", na hutakuwa umejifunza lolote kuhusu mifupa. Katika taarifa hiyohiyo, kiharusi kilikuwa kimewapata wavutaji wa sigara kwa wingi zaidi kuliko watumiaji wa vepu, jambo ambalo vichwa vya habari havikulitilia mkazo.

Yapo mengine ya kuwatahadharisha wasomaji wa tafiti hizi. Mwaka 2019 ilichapishwa makala katika jarida la shirika hilohilo ikihusisha vepu na shambulio la moyo, na mwaka 2020 jarida likaiondoa, kwa sababu ilibainika kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa wamepata shambulio kabla ya kuanza kutumia vepu. Mtu anaugua, daktari anamwambia aache sigara, anahamia kwenye vepu, halafu anahesabiwa kama mtu aliyeugua kwa sababu ya vepu. Mtego huo umo pia katika tafiti za kiharusi zinazouliza mambo yote siku moja.

Utafiti ninaouona una uzito zaidi kwa swali lako ulichapishwa mwaka 2020 na ulihusu Wamarekani zaidi ya 160,000 wenye umri wa miaka 18 hadi 44. Waliotumia vepu peke yake hawakuonekana kuwa na tofauti ya wazi na wasiovuta kitu. Waliotumia vyote viwili, sigara na vepu, walikuwa na uwezekano wa kuwa wamepata kiharusi karibu mara tatu ya wasiovuta, na karibu mara mbili ya wanaovuta sigara peke yake. Nao uliuliza mambo yote siku moja, kwa hiyo usiuchukulie kama hukumu ya mwisho. Tena watu wale walikuwa vijana, na mishipa huweka kinyongo kwa miongo. Lakini tazama nani yuko pabaya zaidi katika jedwali lile. Ni mgonjwa wangu wa mswaki, mwenye sigara tatu mkono mmoja na vepu mkono wa pili.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni kwamba umetoka kwenye chumba chenye moshi na umesimama barazani. Usirudi ndani hata kwa sigara moja ya sherehe. Na usinunue godoro la kulalia barazani.

Mama Pacha

Mwanangu, Mungu akubariki kwa kutufafanulia kwa lugha tunayoielewa. Nina mambo mawili. Mume wangu anavuta sebuleni na dirisha likiwa wazi, anasema moshi unatoka wote. Na binti yangu wa miaka ishirini na minane anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, anasumbuliwa na kipandauso, na nimegundua kwamba naye anavuta kwa siri. Niwe na wasiwasi au ninajisumbua?

Mnyoosha Viungo

Shikamoo Mama. Kwa hili la pili hujisumbui hata kidogo, na naomba nianze nalo.

Vidonge vyenye homoni ya estrojeni huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda. Kwa msichana mwenye afya njema asiyevuta, ongezeko hilo ni dogo mno. Kipandauso kinachotanguliwa na dalili za macho, kama vile kuona mistari ya mwanga iliyovunjikavunjika au doa linalotanuka, nacho huongeza hatari ya kiharusi kwa wanawake vijana. Sigara ikiongezwa juu ya hayo mawili, hatari hazijumlishwi tu, bali zinachocheana. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mwanamke mwenye kipandauso cha aina hiyo asitumie kabisa vidonge vyenye estrojeni, hata kama havuti, na kwamba mwanamke wa miaka 35 na kuendelea anayevuta sigara 15 au zaidi kwa siku naye asivitumie. Zipo njia nyingine za uzazi wa mpango zisizo na estrojeni. Kwa hiyo, Mama, badala ya kumkamata kwa kosa la kuvuta kwa siri, muulize kwanza kama huona mistari ya mwanga kabla kichwa hakijaanza kumuuma, kisha umwombe aende kwa mtoa huduma wake akamweleze mambo yote matatu kwa pamoja. Wengi hutaja kipandauso kwa daktari mmoja, vidonge kwa mwingine, na sigara hawaitaji kwa yeyote.

Kuhusu Baba na dirisha lake: dirisha halitoshi. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2014 inakadiria kwamba kuvuta moshi wa mwenzako huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 20 hadi 30. Ukikumbuka mfano wa kengele ya mlangoni utaona kwa nini dozi ndogo namna hiyo inatosha. Avutie nje, mbali na mlango, mpaka atakapoacha.

Mzee wa Kiko

Vijana mnapenda kututisha. Marehemu babu yangu alivuta kiko tangu ujana wake na alifariki akiwa na miaka tisini na moja, akili timamu, miguu timamu. Mimi mwenyewe nina sabini na mbili. Takwimu zenu zinasemaje kuhusu sisi?

Mnyoosha Viungo

Shikamoo Mzee wangu. Zinasema kwamba mlikuwepo na mtaendelea kuwepo, kwa sababu hatari haina maana ya lazima. Madaktari wa kiume zaidi ya 34,000 wa Uingereza walianza kufuatiliwa mwaka 1951, na matokeo ya miaka 50 yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba waliovuta maisha yao yote walipoteza wastani wa miaka 10. Wastani, Mzee. Wapo ambao hawakupoteza hata mwezi, na wapo waliopoteza thelathini ili wastani ukae pale.

Ila ninaona tofauti moja kutokana na mahali ninapofanyia kazi. Wajukuu wa waliofika tisini wanasimulia. Wale waliopigwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi hupoteza usemi, na wengine hawaurudishi. Katika mjadala wowote kuhusu sigara, shahidi mmoja huwa amekwisha kunyamazishwa kabla mjadala haujaanza. Katika utafiti huohuo, walioacha wakiwa na miaka 60 walirudishiwa takriban miaka 3. Kwa miaka sabini na mbili sina takwimu ya kukupa kwa uhakika, lakini mishipa yako haijui kwamba imechelewa.

Nusu Pakiti

Mimi nimejaribu kuacha mara tano. Siku ya tatu arosto inanishika mpaka nagombana na watoto. Kupunguza ndiyo njia pekee niliyoiweza, na leo unaniambia kupunguza hakusaidii. Sasa nifanye nini?

Mnyoosha Viungo

Dada au kaka, samahani kama niliandika kwa namna iliyokukatisha tamaa, na nitajirekebisha: kupunguza ni njia nzuri ya kwenda mahali, ila si mahali pa kukaa. Tatizo la mgonjwa wangu halikuwa kushuka hadi tatu. Lilikuwa kukaa kwenye tatu miaka miwili. Weka tarehe ambayo tatu zitakuwa sifuri, nayo iwe karibu, majuma kadhaa kutoka sasa.

Siku ya tatu uliyoitaja ni ya kweli, haitokani na udhaifu wako wa tabia. Nikotini yenyewe huwa imekwisha kutoka mwilini karibu wakati huo, na ubongo uliozoea kupewa unadai kwa hasira. Ndiyo maana watu wengi wanaotegemea nia peke yao huangukia hapohapo. Zipo bandika na jojo za nikotini, na ninajua msomaji atauliza kama nikotini hiyo nayo si hatari kwa mishipa. Inaingia polepole na kwa kiwango cha chini, haina kaboni monoksidi wala moshi, na hata wagonjwa wa moyo huandikiwa chini ya uangalizi. Kutumia bandika ya kutwa pamoja na jojo kwa zile dakika za arosto kali hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Zipo pia dawa za vidonge, vareniklini na saitisini, ambazo hukalia vile vipokezi vya nikotini kwenye ubongo na kupunguza utamu wa sigara pamoja na uchungu wa kuikosa. Daktari ndiye wa kukuchagulia, hasa kama una maradhi mengine.

Na vepu? Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, waliopewa vepu pamoja na ushauri walifanikiwa kuacha sigara kwa asilimia 18 baada ya mwaka, ikilinganishwa na asilimia 9.9 ya waliopewa bandika, jojo na mfano wake. Hiyo ni karibu mara mbili, na mtu mzima aliyeshindwa kwingine kote ana haki ya kulijua hilo. Lakini miongoni mwa waliofanikiwa kwa vepu, 80 kati ya kila 100 walikuwa bado wanaivuta mwaka mmoja baadaye, ilhali wa kundi la pili walioendelea na bandika au jojo walikuwa 9 kati ya 100. Kwa hiyo ukiichukua njia hiyo, tarehe zako ni mbili: ya kuzima sigara ya mwisho na ya kukiweka kifaa chini. Kwa kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote hesabu hiyo haipo, kwa kuwa hana moshi wa kuukimbia.

Umejaribu mara tano. Wengi walioacha wana idadi kama hiyo nyuma yao.

Msomaji Makini

Naomba kuuliza jambo moja ambalo halijajibiwa. Yule bwana wa mswaki alifanya nini baada ya kuona mdomo umepinda? Alifika hospitali baada ya muda gani?

Mnyoosha Viungo

Nilikuwa ninaliepuka swali hilo, kwa kuwa ndilo linalomuuma yeye zaidi.

Alikaa kitandani akisubiri mkono "urudi". Alidhani ameulalia. Ili atulie, akachukua vepu kwa mkono wa kushoto, akavuta, kisha akajilaza. Mkewe alikuwa amekwisha kuondoka kwenda kazini. Alimkuta pale jioni. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na katika kiharusi cha mshipa mkubwa ulioziba inakadiriwa kwamba ubongo hupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9 kila dakika. Katika vituo vyenye uwezo huo, baadhi ya wagonjwa wanaweza kutolewa bonge kwa mrija hata hadi saa 24, lakini ni wale tu ambao picha za ubongo zinaonyesha kwamba bado kuna sehemu ya kuokolewa. Yeye hakuwa miongoni mwao.

Kwa hiyo yeyote anayesoma hapa, mvutaji au asiye mvutaji, akiona uso umeshuka upande mmoja, mkono mmoja hauinuki sawa na mwenzake, au maneno yanatoka yamekorogeka, aitazame saa, aikumbuke dakika ile, na aombe msaada wa dharura papo hapo. Dalili zikipotea zenyewe baada ya dakika kumi, aende vilevile, na aende siku hiyohiyo. Siku mbili za mwanzo baada ya tukio la namna hiyo ndizo zenye hatari kubwa ya kiharusi kamili.

Juzi alikuja mazoezini amevaa shati lenye vifungo saba. Alifunga vinne kwa mkono wa kulia, jasho likimtoka, akakataa nimsaidie. Cha tano kilimshinda. Mfukoni mwa shati lile, mahali ambapo zamani palikaa pakiti, kulikuwa na karatasi aliyoandika kwa mkono wa kushoto idadi ya siku tangu aache vyote viwili. Ilikuwa siku ya mia moja na kumi na nne.